Aliyesimama Nyuma ya Kitindamimba

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimeishi Mikumi tangu barabara kuu ikiwa na magari machache, na nimeona mengi. Asubuhi moja nilikuta simba kalala kwenye lami, dereva wa lori kazima injini anamsubiri aamke. Nilirudi nyuma taratibu na mkungu wangu kichwani, sikudondosha ndizi hata moja. Tembo wamekula mahindi yangu nikiwatazama. Mlima wa Vidunda nimeuteremka kwenye utelezi wa masika na mzigo wa kumshinda punda. Kwa hiyo nikisema kwamba siku ya kumzika mke wangu nilishtuka, ujue halikuwa jambo dogo.

Nianze na matofali, maana bila matofali hutanielewa.

Shule nilisoma darasa la pili, basi. Nilishuka kutoka milimani nikiwa kijana, nikauza ndizi kwa abiria wa mabasi. Kutoka kwenye ndizi nikaingia kwenye matofali ya kuchoma. Kutoka kwenye matofali nikapata mashine ya kukoboa mpunga, na baadaye shamba la mpunga upande wa Kilangali. Hakuna aliyenishika mkono. Na kanisa letu, hilo jengo mnaloliona sasa, matofali yake niliyafyatua na kuyachoma mimi. Watu wakiingia mle wanaona msalaba. Mimi naona matofali yangu, na najua lipi liliiva vizuri na lipi lilibaki bichi. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Shamba la Kilangali nilimwachia mwanangu wa kwanza alisimamie, kwa kuwa yeye anakaa Kilosa mjini, ni fundi mwashi. Mwaka mmoja, mpunga umeshatoa mashuke, ng'ombe wakaingia. Mwanangu akaenda kuwatoa. Mwenye ng'ombe naye akaja, Mmasai wa rika lake, na fimbo yake. Maneno yakawa mabaya, fimbo ikapanda ikashuka. Mkono wa kulia wa mwanangu, vidole havijafunga sawasawa tangu siku ile. Fundi mwashi, mkono wa kulia. Vijana wetu nao wakachukua mapanga, wakakata ng'ombe miguu. Kesi ilienda barazani ikaisha kama zinavyoisha kesi za namna hiyo, kila mtu akarudi kwake na hasira yake.

Mmasai yule baadaye alihamia huku upande wa Mikumi. Tulikuwa tukikutana mnadani. Hakuniamkia, na mimi sikumtazama. Kwetu huku kijana akimpita mzee bila shikamoo amekwisha kumtukana, haina haja ya kuongeza neno. Ikawa hivyo miaka.

Sasa siku moja mchungaji wetu, kijana mdogo mwenye adabu nyingi, akaja mashineni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta mpunga?"

"Hapana mzee. Nimeleta jambo."

Nikazima mashine. Akaanza kuzunguka, mara mvua, mara paa la kanisa. Nikamwambia, "Mchungaji, mimi si kaya ya kutembelewa. Sema."

Akasema yule Mmasai amekuwa akija darasa la ubatizo, amemaliza mafundisho, na anatakiwa apate baba wa ubatizo, mtu wa kusimama naye mbele ya kanisa. Nikasema vizuri, Wakristo Mikumi wako tele.

"Amekutaja wewe."

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya masikio yaliyochoshwa na mashine. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Nilimwambia achague mtu mwingine," mchungaji akasema, anatazama pumba chini. "Akaniuliza, hivi mchungaji, mtu akiingia nyumba ya watu ambao amempiga mtoto wao, anapita dirishani au anapita kwa mwenye nyumba? Mimi sikuwa na jibu, mzee. Wewe unalo?"

Nikawasha mashine.

Jioni nikamweleza mke wangu huku nacheka, cheko la mtu aliyechukizwa. Yeye alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Kataa tu," akasema. "Hakuna atakayekulaumu."

"Naam."

"Watasema mzee wa matofali amemwogopa Mmasai, lakini maneno ya watu yanapita."

"Nani amwogope?"

"Mimi sijasema. Nimesema watasema."

Mwanamke yule tuliishi pamoja tangu sina hata kitanda. Alijua ufunguo wangu uko mfuko gani. Jumapili iliyofuata nilivaa koti, nikaenda kusimama.

Hapa ndipo palipo na kosa, na ni kosa letu sisi Wakristo wa zamani, wa kuzaliwa kanisani. Kwetu kuwa baba wa ubatizo ni kusimama. Unasimama, unajibu maswali, maji yanamwagwa, mnakula pilau. Watoto wangu wa ubatizo wametapakaa kuanzia hapa mpaka Chanzuru kama maboga ya mvua ya kwanza. Wengine nikikutana nao siwajui, mpaka waniambie. Nilikwenda kusimama kwa namna hiyo. Mwenzangu hakuja kwa namna hiyo.

Maji yalipokwisha kumwagwa, yakamtiririka shingoni kwenye shuka, akageuka. Akainamisha kichwa mbele yangu kama wanavyofanya watoto wa kwao, wanakupa kichwa ukiguse.

"Shikamoo baba."

Shikamoo haiachwi ikaning'inia, hata ya adui. Mdomo wangu ulijibu kabla mimi sijaamua. "Marahaba," na mkono ukaenda wenyewe kichwani pake. Kichwa kilikuwa cha moto, kimelowa. Nikarudi kwenye benchi langu nikakaa, sikuweza hata kuimba.

Nilidhani limekwisha. Wiki hiyo hiyo akaja nyumbani na dumu la maziwa, akakaa kwenye benchi nje, fimbo ameilaza chini. Nikamuuliza anataka nini.

"Baba, majani yameisha huku. Nataka kusogeza ng'ombe upande wa mtoni. Naomba ruhusa."

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini jua linachomoza. "Nimuulize nani?"

Nikamwambia ana wazee wake huko kwao. Akasema wapo. Lakini kwao, akasema, kijana ana baba aliyemzaa, na ana wazee waliomwashia moto siku alipofanywa mtu mzima. Hao wa moto ndio wanaokushika. Ukiwakosea hao huna pa kwenda. "Sasa mimi nimefanywa mtu mwingine," akasema, "na aliyesimama ni wewe."

Mke wangu alikuwa mlangoni, anasikiliza. Akacheka kimoyomoyo, mabega yakatikisika. "Mjibu mwanao," akaniambia. "Asogeze ng'ombe au asisogeze?"

Nikasema asogeze, mradi asipite kwenye mashamba ya watu. Akapita mbali, akazunguka kilima kizima. Toka hapo akawa anakuja. Ruhusa ya kumpeleka binti yake shule. Ruhusa ya kuuza dume. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kuona wiki ina pengo asipokuja. Mke wangu alimwita "mwanangu" tangu siku ya kwanza, na alikuwa anamgombeza pia, kwamba amekonda, kwamba asikae na viatu vya matairi kwenye jamvi.

Lakini jambo hilo lilinigharimu. Mwanangu wa kwanza alipopata habari alipanda gari kutoka Kilosa akaja. Hakukaa. Alisimama pale mashineni, akaniinulia ule mkono.

"Baba, umempa mkono wako mtu aliyeharibu wa kwangu."

Nikajaribu kumweleza. Nikasema ni mambo ya kanisa.

"Kanisa unalo wewe, ulilichomea matofali mwenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa na baba tu."

Akaondoka. Hakukanyaga tena kwangu. Mama yake ndiye aliyekuwa akienda Kilosa kumwona. Mimi sikumpigia simu. Baba hampigii mtoto simu kumbembeleza, hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Kisha mke wangu akafa. Presha ilipanda, tukamkimbiza hospitali, akafia huko Kilosa akiwa ameshikwa mkono na yule mwanangu wa kwanza, mimi niko nje natafuta maji ya kunywa. Sitasema zaidi ya hapo kuhusu jambo hilo.

Tukamleta Mikumi. Watoto wote wakaja, na mkubwa akaja, tukapeana pole kama watu wa mitaa miwili. Watani wetu nao wakaja, maana msiba wetu bila watani haujawa msiba. Mtani mmoja, bibi mkavu kama ukuni, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Alijilaza kwenye mlango wa nyumba, akasema jeneza halitoki mpaka mume aseme ugali atapikiwa na nani kuanzia leo. "Ameoa matofali huyu," akawaambia watu, "mke alikuwa mgeni tu." Watu wakacheka katikati ya kilio. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, anasema kile ambacho wewe ukisema utapigwa.

Kaburini, jeneza likateremshwa. Mchungaji akarusha udongo wake, nikarusha wangu. Baada ya mume ni watoto, kwa mpangilio wa kuzaliwa, wa kwanza mbele, kitindamimba mwisho. Kitindamimba wangu ni msichana, bado yuko chuo Morogoro. Nikainua macho kuwatazama wanangu kwenye mstari.

Nyuma ya yule msichana alisimama mtu mrefu, kichwa kimenyolewa kinang'aa, shuka jeusi.

Hapo ndipo niliposhtuka. Ngoja nieleze kwa nini. Kwanza kule kunyoa. Kwao Wamasai mtoto hunyoa akifiwa na mzazi, si na jirani. Pili, watu hawa nimekaa nao muda mrefu, wale wa zamani kaburi wanalipita mbali. Kaka yake alikuwa amemsindikiza, na yeye alibaki kule barabarani na fimbo yake, hakusogea. Huyu alikuwa amesimama hatua chache kutoka shimoni. Tatu, mtu huyu ana watoto wake, binti yake yuko shule, mvi zilishaanza kabla hajanyoa. Na alikuwa amesimama nyuma ya msichana wa chuo.

Yule bibi mtani akamwona.

"Hee. Hifadhini leo wamesahau kufunga geti? Twiga huyu amefuata nini kwenye mstari wa watoto?"

Watu wakacheka kidogo. Mwanangu wa kwanza alikuwa amekwisha inama kuchota udongo. Kicheko kikamfanya ageuke. Akamwona. Akanyooka, akaufungua mkono, udongo ukaanguka miguuni pake.

"Toka," akasema. Hakupiga kelele. "Toka kwenye mstari wa mama yangu."

Kicheko kikafa. Mmasai hakutoka, wala hakujibu kwa ukali. "Nimesimama mwisho, kaka," akasema. "Mimi nimezaliwa juzi."

"Mimi si kaka yako. Akirusha huyu, mimi sirushi."

"Basi nitangoja. Kwetu mdogo hatangulii mkubwa. Usiporusha wewe, mimi siwezi kurusha."

"Hata mpaka kesho?"

"Hata mpaka kesho."

Jua la saa nane la Mikumi mnalijua. Watu wote wale, kwaya, watu wa Kilosa, wa Vidunda waliotembea mlima mzima, wote wamesimama, na kaburi la mke wangu liko wazi kwa sababu wanaume wawili wanangojeana. Mchungaji alifungua kitabu, akakifunga. Wadogo zake yule mkubwa wakatazama chini. Nikajua wote wananisubiri mimi. Nikisema atoke, mkubwa wangu ananirudia leo hii. Nikisema abaki, nimemzika mama na mtoto siku moja.

Yule bibi mtani akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mzee wa matofali. Huyu wako au si wako? Sema tuzike. Kama si wako mimi namchukua, ng'ombe anao."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Mimi si mhubiri. Nilisema nilichoweza. Nilimsogelea mwanangu mkubwa, nikaongea naye kama tuko wawili tu, ingawa watu wote walisikia.

"Siku unabatizwa wewe," nikamwambia, "ulikuwa mdogo, unalia. Maji ni yale yale. Maneno niliyoyasema ni yale yale niliyomsemea huyu, sikupunguza na sikuongeza. Nikiyarudisha ya kwake, ya kwako nitayaacha wapi?"

"Mimi ni damu yako."

"Nyumbani kwangu, ndiyo, damu. Lakini mle ndani," nikaonyesha kanisa, na hapo nikashtuka tena, maana maneno yalinitoka nikiyasikia kwa mara ya kwanza kama wengine, "mle hakuna aliyezaliwa mwenye nyumba. Wote tulipelekwa na mtu. Na mimi nilipelekwa. Nimechoma kila tofali la mle, na bado nilipelekwa."

Nikaongeza, "Mkono wako sijausahau. Sikuambii uusahau. Nakuambia mzike mama yako."

Sijui alifikiria nini. Kisha akainama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, ule wenyewe. Vidole havikufunga. Udongo ukavuja kati ya vidole, ukaisha kabla hajafika ukingoni. Akainama tena. Ukavuja tena. Alifanya makusudi, naamini hivyo, atazamwe na yule wa nyuma.

Na yule wa nyuma alitazama. Nilimwona usoni. Mpaka siku ile alijua alimpiga mtu. Nadhani hakuwa amewahi kuuona mkono ukijaribu kazi. Aliacha mahali pake, akapita pembeni ya ndugu wote, akaenda akapiga goti kwenye udongo ule mbele ya mwanangu, akakinga viganja vyake viwili chini ya mkono ule mbovu.

Mwanangu akamtazama chini. Mishipa ya shingo ilimsimama. Nilisema moyoni, sasa atampiga teke mbele ya kaburi.

"Nyuma," akasema. "Umeniambia mdogo hatangulii. Rudi nyuma."

Mmasai akainuka, akarudi nyuma ya msichana. Mwanangu akachota udongo kwa mkono wa kushoto, akaurusha. Ukagonga jeneza. Kisha wa pili, wa tatu, wote wakafuata, msichana akarusha analia. Na mwisho kabisa yule wa mwisho. Alichota udongo wa kujaa viganja viwili, akauachia taratibu bila kuurusha, kama anayemfunika mtu aliyelala. Akasema neno moja la kwao. Sikulijua, na sikumuuliza mpaka leo.

Nadhani wengi wangetaka niseme walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Nyumbani walikaa pande mbili za uwanja. Mkubwa alikula na watu wa Kilosa, Mmasai alikaa na kaka yake, ambaye sasa alisogea mpaka kwenye uzio.

Asubuhi ya siku ya kuondoa matanga maji yalikuwa yamekwisha. Wanawake wanataka kupika, mapipa matupu, bomba liko mbali. Mwanangu mkubwa alitoka ndani, akatazama uwanja wote, macho yakamfikia yule mwenye kichwa kilichonyolewa.

"Wewe," akamwambia. "Kwetu mdogo ndiye anayechota maji."

Sasa hilo mlielewe: mwanamume wa Kimasai mwenye mke na ng'ombe hachoti maji. Hata wanawake wa kwetu walishtuka, mmoja akasema tumwache, tutakwenda wenyewe. Kaka yake kule kwenye uzio akasema jambo kwa lugha yao, kwa sauti kavu. Huyu aliegemeza fimbo yake ukutani kwangu, akachukua ndoo mbili, akauliza bomba liko upande gani.

Alirudi moja mkononi na moja kichwani, na ya kichwani hajui kuibeba. Kila hatua maji yalimwagika kwenye ule upara mpya, yakashuka shingoni, yakalowesha shuka lote jeusi. Bibi mtani alicheka mpaka akakaa chini. "Twiga anakunywa kwa kichwa," akasema. "Njooni muone."

Akamimina kilichobaki kwenye pipa. Mwanangu akasogea, akachungulia ndani ya pipa, akachungulia ndoo, akamtazama mtu mwenyewe alivyolowa. Nilimjua mwanangu tangu tumboni, na niliona pembe ya mdomo ikicheza akaizuia.

"Umemwaga nusu," akasema. "Rudi."

"Sawa, kaka."

Mwanangu hakusema mimi si kaka yako. Aliinama, akaokota ndoo ya tatu kwa mkono wa kushoto, akatoka mbele.